Kimbunga hakifiki Timau, lakini madhara yake hufika

Mapema mwezi wa Mei 2024, wazazi wengi wa Timau waliokuwa wamekwisha kufunga masanduku ya watoto wao wa shule za bweni walilazimika kuyafungua tena. Mnamo Mei 3, Rais William Ruto alitangaza kwamba shule zisingefunguliwa hadi arifa nyingine itakapotolewa. Mafuriko yalikuwa yameharibu sehemu nyingi za nchi, na juu ya hayo kimbunga kilichopewa jina Hidaya kilikuwa kikikaribia pwani ya Afrika Mashariki.

Swali lililoulizwa katika vibanda vya chai na ndani ya matatu lilikuwa la haki: kimbunga cha baharini kinatuhusu nini sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya?

Kimbunga ni dhoruba kubwa ya upepo unaozunguka, na huzaliwa juu ya bahari yenye maji ya joto. Upepo huo unapofikia kasi ya kilomita 119 hivi kwa saa, watu wa magharibi mwa bahari ya Pasifiki hukiita taifuni, wale wa Karibiani hukiita harikeni, nasi wa Bahari ya Hindi husikia kikiitwa saikloni. Ni kitu kimoja.

Ili kianze kuzunguka, kimbunga huhitaji msukumo unaotokana na dunia kujizungusha. Karibu na Ikweta msukumo huo ni hafifu mno. Mstari wa Ikweta unapita Nanyuki, mwendo mfupi tu kutoka Timau. Isitoshe, kimbunga hupoteza nguvu haraka kinapoiacha bahari na kuingia nchi kavu. Kwa sababu hizo mbili, mkazi wa Timau hana haja ya kuogopa kuwa kimbunga cha baharini kitamwezulia paa.

Ndugu zetu wa kusini hawana bahati hiyo. Mnamo Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu kwa wingi. Miaka 80 baadaye, mwezi huo huo wa Aprili, kingine kiliipiga Lindi. Hidaya nacho kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, Mei 4, 2024, kikiwa kimekwisha kupungua nguvu.

Hata hivyo, kimbunga kilicho mbali huweza kuvuruga mvua yetu. Mnamo Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa karibu na Madagaska, hewa yenye unyevu ilivutwa kutoka upande wa Kongo na mvua kubwa ikanyesha Kenya. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Kimbunga Idai kilivuta unyevu kuelekea Msumbiji, na masika yakachelewa huku wakulima wakitazama mbingu.

Nani hutoa onyo?

Vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi hufuatiliwa na kituo cha Wafaransa kilichoko katika kisiwa cha Réunion. Habari zake hupokelewa na idara za utabiri za nchi zetu. Hapa Kenya, kituo cha nchi za IGAD kilichoko Ngong hutoa utabiri wa eneo zima la Afrika Mashariki. Serikali nayo ilianzisha kituo cha taifa cha kushughulikia majanga mwaka wa 1998, wakati mvua za El Niño zilipokuwa zimeharibu barabara na madaraja.

Hidaya kilipokaribia, mashua za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Hapa kwetu, Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga ilionya kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa Pwani. Onyo lilitoka mapema, na watu wakalisikia.

Kwamba onyo huokoa maisha si jambo la kubahatisha. Mwaka wa 1970 kimbunga kiliua watu wapatao 300,000 au zaidi katika nchi inayoitwa Bangladesh leo. Nchi hiyo ilijenga majengo imara ya kukimbilia na kufundisha watu wa kujitolea, ambao hupita kijiji hadi kijiji wakitoa habari. Mwaka wa 2007 kimbunga Sidr, kilichokuwa na nguvu nyingi sana, kiliua watu wapatao 3,400. Idadi hiyo bado ni ya kuhuzunisha, lakini tofauti ni kubwa mno.

Kifo cha pili

Madaktari wanajua kwamba dhoruba huua mara mbili. Mara ya kwanza ni siku ya upepo na maji. Mara ya pili huja wiki chache baadaye, polepole, wakati vyoo vimefurika, visima vimeingiwa na uchafu na watu wamesongamana kambini.

Idai kilipiga mji wa Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia Machi 15, 2019. Zaidi ya watu 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kabla ya mwisho wa mwezi huo kipindupindu kilikuwa kimethibitishwa. Serikali ya Msumbiji, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine, ilifungua vituo vya matibabu. Kuanzia Aprili 3 iliwachanja zaidi ya watu 800,000 kwa muda wa siku chache. Watu zaidi ya 6,000 waliugua, lakini waliokufa kwa kipindupindu hicho walikuwa 8. Ugonjwa huu unaoweza kumwua mtu kwa saa chache hushindwa pale mgonjwa anapopata maji mwilini mapema.

Mwaka wa 2024, mafuriko ya Kenya yaliua zaidi ya watu 280, na kipindupindu kiliripotiwa katika Kaunti ya Tana River. Mto Tana hupata maji yake mengi kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Mvua inayonyesha Nyeri, basi, ndiyo huvunja nyumba za watu wa Garissa na Garsen. Mito ya upande wa Timau huteremka kuelekea Ewaso Ng'iro na nchi kavu ya Isiolo. Uchafu tunaoutupa mtoni huku juu hunywewa na wengine kule chini.

Mafuriko huleta pia mbu. Baada ya mvua za El Niño, homa ya Bonde la Ufa iliua watu 478 nchini Kenya na Somalia mwaka wa 1997 na 1998. Ugonjwa huu hushika mifugo kwanza, kisha humpata binadamu kupitia damu ya mnyama mgonjwa au kwa kuumwa na mbu. Msimu wa mvua nyingi, usinunue nyama isiyokaguliwa, usichinje mnyama mgonjwa wala kula mzoga, na uchemshe maziwa.

La kufanya nyumbani

Serikali haiwezi kuingia katika kila jikoni. Haya ni mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya mvua kubwa inapotabiriwa:

Maji. Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Huku maji huchemka kwenye joto la nyuzi 92 hivi, ilhali Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo usiyaepue mara tu yanapotokota. Yaache yatokote kwa dakika 3 kamili, kisha uyahifadhi katika chombo chenye kifuniko. Ukitumia dawa ya kutibu maji, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kuhara. Mgonjwa aanze kunywa maji ya chumvi na sukari mara moja. Chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Kuhara kukiwa kama maji ya mchele, au macho yakididimia, mpeleke hospitali bila kuchelewa, huku ukiendelea kumnywesha njiani.

Jiko la makaa. Baridi ya mvua huwafanya wengi walale na jiko chumbani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Litoe jiko nje kabla ya kulala.

Dawa za kila siku. Anayetumia dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au Ukimwi aweke akiba ya siku kadhaa, pamoja na kadi yake ya kliniki, ndani ya mfuko wa plastiki. Barabara ikikatika, dawa hazitafika. Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua naye atafute mahali pa kukaa karibu na hospitali mapema.

Usivuke mto uliofurika, kwa miguu wala kwa gari. Kwa msaada wa dharura, Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana bila malipo kwa nambari 1199.

Serikali ina wajibu wa kutoa onyo, kuzibua mitaro, kupeleka dawa katika zahanati na kuwahamisha walio hatarini kabla maji hayajawafikia. Mwananchi ana haki ya kuuliza kama hayo yamefanywa. Lakini onyo likishatolewa, kinachobaki kimo mikononi mwa aliyelisikia. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na siku hizi mawingu huonekana yangali mbali sana baharini. Basi sufuria ya maji iwe jikoni kabla hayajatufikia.