Maji Maangavu ya Kisima

Mji wa Tunduma uko mpakani, na ng'ambo yake ni mji wa Nakonde katika nchi ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika hapo, na reli ya TAZARA vile vile. Kwa hiyo watu wamekuwa wengi, na nyumba zimekaribiana sana. Kila nyumba yataka choo, na kila nyumba yataka maji. Wengi huteka maji ya visima, na pengine kisima na choo cha shimo huwa katika ua mmoja.

Mwanafunzi yeyote amefundishwa ya kuwa maji yachemshwe kabla ya kunywewa. Fundisho hilo ni la kweli, maana moto huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Lakini iko hatari nyingine ambayo moto hauiwezi, nayo huitwa nitrati. Haina rangi wala harufu. Mtu akiyaonja maji yenye nitrati hatambui neno, maji huangaza kama kioo, naye husema, "Haya ni mazuri."

Nitrati ni kitu cha jamii ya chumvi, kilichofanyizwa kwa nitrojeni na oksijeni. Si adui wa viumbe vyote, kwa kuwa mimea huila, na mahindi yakiikosa huwa ya manjano na kudumaa. Hutokana na samadi, na mkojo, na kinyesi, na majani yaozayo, tena na mbolea za dukani ambazo wakulima wa kahawa na mahindi huko Mbozi hutia mashambani. Mmea hunywa sehemu yake. Inayosalia hungoja mvua. Hata mvua zikinyesha, maji hushuka chini na kuichukua. Vijidudu vingi huchujwa na mchanga njiani, lakini nitrati imeyeyuka kabisa, hupita kama chumvi ipitavyo katika kitambaa pamoja na maji yake. Mwisho wa safari yake ni kisimani.

Mwaka 1945 daktari mmoja wa Marekani, jina lake Hunter Comly, aliandika habari za watoto wachanga katika jimbo la Iowa waliogeuka rangi wakawa kama samawati. Watoto hao walilishwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya kisima cha shambani. Maji yalipopimwa yalionekana kuwa na nitrati nyingi. Visima vingi vya huko vilikuwa vya zamani, havikujengewa wala kufunikwa vema, hata uchafu wa juu ukaweza kuingia.

Sababu ya ugonjwa ni hii. Ndani ya tumbo la mtoto mchanga vijidudu huigeuza nitrati kuwa kitu kingine kiitwacho nitriti. Nitriti huingia katika damu na kuiharibu himoglobini, yaani ile sehemu nyekundu ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni. Mtoto hupumua, wala pumzi haimfai kitu, maana wachukuzi wa oksijeni wamefungwa mikono. Midomo na kucha huwa za samawati au kijivu. Mtu mzima ana nguvu ya kuitengeneza damu yake upesi. Mtoto wa chini ya miezi 6 hana nguvu hiyo bado. Mtoto wa namna hii hukimbizwa hospitali bila kukawia, kwa kuwa dawa yake ipo.

Mtoto anyonyaye maziwa ya mama yake peke yake yu salama zaidi, hata kama mama hunywa maji ya kisima hicho, kwa sababu nitrati ipitayo katika maziwa ya mama ni kidogo. Hatari ni kwa yule apewaye maji, au uji, au maziwa ya kopo.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji. Katika ndoo ya lita 20 hiyo ni gramu moja tu, kama sehemu ya tano ya kijiko kidogo cha chumvi. Basi tazama jambo la kuchemsha. Lita moja yenye miligramu 40 haijapita mpaka. Ikichemshwa mpaka robo yake iishe kwa mvuke, nitrati haipandi na mvuke. Miligramu zote 40 hubaki katika robo tatu za lita, na kipimo chake sasa ni zaidi ya 53 kwa lita. Vijidudu vimekufa, na nitrati imezidi.

Kwa hiyo hakuna njia ya kujua ila kupima. Mpimaji huosha chupa kwa maji yale yale ya kisima, huijaza, huandika siku na mahali, kisha huiweka penye baridi na kuipeleka upesi maabara, kwa kuwa vijidudu vikikaa sana ndani ya chupa huweza kubadili kipimo. Huko dawa ya kwanza huigeuza nitrati kuwa nitriti, na dawa ya pili huyatia maji rangi ya waridi. Kadiri rangi ilivyokolea, ndivyo nitrati ilivyo nyingi. Kipimo cha kiangazi peke yake hakitoshi. Hupimwa tena baada ya mvua.

Hakuna awezaye kusema kisima fulani cha Tunduma ni kibaya kwa kukitazama tu, wala ni kizuri. Lakini si jambo la Iowa peke yake: huko Dodoma wachunguzi walikwisha kuona nitrati nyingi katika maji ya chini ya ardhi. Kisima kikionekana kuwa na kipimo kilichozidi, maji yake hufaa kufulia na kumwagilia bustani, na ya mtoto hutekwa penginepo. Kisima kipya huchimbwa upande wa juu wa mteremko, mbali na choo na zizi. Wataalamu wengi hutaka mita 30 au zaidi, nacho hujengewa ukingo na kufunikwa.