Mvua ya Mpwapwa, Mafuriko ya Kilosa: Maandalizi ya Kaya Yaanze Kabla ya Mawingu

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

Mkazi wa Kilosa mjini anaweza kulala mbingu ikiwa na nyota, akaamshwa usiku na maji mlangoni. Sababu yake inaeleweka. Mto Mkondoa, unaopita kando ya mji huo, hautegemei mvua ya Kilosa peke yake. Maji yake mengi huletwa na Mto Kinyasungwe, unaoyakusanya katika nyanda kame za Mkoa wa Dodoma, ukapita Gulwe wilayani Mpwapwa na kuingia katika bonde jembamba la Kidete. Njiani huongezewa na vijito vya milima ya Ukaguru na Rubeho. Ukifika Kilosa bonde hufunguka kuwa tambarare, kasi ya maji hupungua, mchanga hutuama na kupunguza kina cha mto, na maji yanayozidi hutafuta njia kwenye makazi na mashamba.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010. Tuta la kukinga mji lilibomoka, maelfu ya wananchi wakapoteza makazi na wengi wao kuhamia kwenye mahema, na Reli ya Kati ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe kiasi cha kusimamisha treni kwa miezi kadhaa. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila: Mto Mkundi ulifurika, ukaharibu daraja la Dumila na kukata mawasiliano ya barabara kati ya Morogoro na Dodoma.

Kwa sababu hiyo, mwananchi wa Kilosa anapaswa kusikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kwa namna yake. Wengi husubiri kusikia Morogoro ikitajwa. Anayeishi kando ya Mkondoa asikie pia Dodoma. Mamlaka hiyo hutumia ngazi tatu za tahadhari: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Angalizo likitolewa kwa Dodoma, kaya iliyo bondeni Kilosa ina sababu ya kupanga vitu vyake mapema, hata kama juani kwake bado kumeanikwa mahindi.

Kupanga huko si gharama kubwa. Vitambulisho vya Taifa, vyeti vya kuzaliwa, hati za ardhi na kadi za kliniki viwekwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mahali ambapo kila mtu mzima nyumbani anapajua. Mbegu na chakula vipandishwe darini au kwenye uchanja. Simu ichajiwe mapema na tochi iwe karibu. La muhimu kuliko yote ni familia kukubaliana mwinuko wa kukimbilia, nani atambeba mtoto na nani atamshika mkono bibi. Mazungumzo ya robo saa mchana huokoa muda ambao usiku haupatikani. Wanaoishi katika nyumba za matofali mabichi watoke mapema zaidi, kwani ukuta uliolowa chini unaweza kuanguka hata baada ya maji kupungua.

Kaya moja, hata hivyo, haiwezi kujua yote. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inaweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi kijiji na mtaa, na hapo chini ndipo kazi hasa ilipo. Kamati ya kijiji yenye orodha ya wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa na watu wenye ulemavu, na iliyokwisha kuamua nani atagonga mlango wa nani, imefanya kazi ambayo mitambo haiwezi kuifanya. Mwananchi ana haki ya kuuliza katika mkutano wa kijiji kama orodha hiyo ipo.

Jambo gumu zaidi ni ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Bustani za mboga ukingoni hulisha familia, hilo linafahamika. Lakini udongo uliolimwa hadi kando ya maji, au tuta lililochimbwa mchanga na kukanyagwa na mifugo, ndilo huachia kwanza.

Kwa upande wa Mikumi na maeneo yaliyo chini ya milima, hatari ni ya aina nyingine: vijito vifupi vinavyojaa ghafla. Maafa ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, ambapo matope na mawe kutoka mlimani yaliua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji jirani, yanaonesha jinsi mlima unavyoweza kutoa muda mfupi sana. Kijito kikianza kubeba matope na magogo, watu waondoke bila kusubiri tangazo. Madereva na waendesha bodaboda wasivuke maji yanayotiririka juu ya barabara, kwani huenda chini yake hakuna tena lami.

Baada ya mafuriko, maji ya visima yachukuliwe kuwa machafu hadi yatakapopimwa, kwa kuwa vyoo hufurika pamoja na mito. Yachemshwe au yatiwe dawa. Kwa uokoaji, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 na Polisi kwa namba 112.