Kabla Hujaagiza Kuku 500 wa Pembeni

Ujumbe huja kwa maneno yaleyale, kinachobadilika ni kiasi cha pesa tu: "Daktari, mimi ni mwajiriwa, nina milioni tatu, natafuta kitu cha kufanya pembeni. Kuku wa nyama 500 wanalipa?" Chini yake umebandikwa mchanganuo uliotoka kwenye kundi la WhatsApp. Swali hili limenichosha, kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu. Kuku walewale wanaweza kumlipa jirani yako na kukufilisi wewe, kwa sababu jirani ana wateja na anashinda nyumbani kutwa. Usipojieleza wewe ni nani, saa zako ni zipi na utamuuzia nani, sina cha kukujibu.

Tuufungue huo mchanganuo, kwa bei za mfano. Vifaranga 500 kwa shilingi 1,600 ni 800,000. Chakula mifuko 25 ya kilo 50, kila mfuko 72,000, ni 1,800,000. Chanjo na dawa 120,000. Jumla 2,720,000. Mauzo ni kuku 500 kwa 8,000, yaani milioni nne. Faida 1,280,000. Zidisha kwa miezi 12, umepata milioni 15 na ushee kwa mwaka bila kuacha kazi.

Anza na chakula. Mifuko 25 kwa kuku 500 ni kilo mbili na nusu kwa kila kuku. Kuku aliyekula kiasi hicho ana wiki nne hivi, bado mdogo, na mwenye banda la chipsi hatampokea kwa shilingi 8,000. Aliyeandika mchanganuo amelisha kuku wa wiki nne, halafu akauza wa wiki sita. Kuku wa wiki tano amekula kilo tatu na zaidi kidogo, kwa hiyo andika mifuko 30, shilingi 2,160,000.

Vifo havikuandikwa kabisa. Wameingia 500 na wametoka 500, kana kwamba hakuna kifaranga aliyefika dhaifu kutoka kiwandani wala usiku ambao moto wa mkaa ulizimika, vifaranga wakalaliana kwenye kona hadi wa chini wakakosa hewa. Weka vifo 30, asilimia sita. Mfugaji mpya akimaliza na vifo 30 nampongeza kwa dhati. Unabaki na kuku 470, na dalali wa Shekilango au Manzese, Dar es Salaam, akijua wewe ni mgeni hakupi 8,000. Tuseme amekupa 7,500. Umepata 3,525,000.

Sasa ongeza yasiyoandikwa: mkaa wa kulelea vifaranga 100,000, maranda, maji na umeme 70,000, kijana wa banda 150,000. Gharama zinafika 3,400,000. Kilichobaki mkononi ni 125,000, na hapo hujahesabu banda, vyombo wala usafiri.

Na hiyo mara 12 haipo. Wiki tano za kufuga, kisha banda lioshwe, lipuliziwe dawa na lipumzike wiki mbili. Kwa mwaka unapata mizunguko saba. Anayeingiza vifaranga wapya juu ya maranda ya zamani ili awahi anawakabidhi magonjwa ya waliotangulia.

Rudi sasa kwa mwenye milioni tatu. Mzunguko wenyewe unataka 3,400,000, kwa hiyo pesa zitamwishia katika wiki ya mwisho, ambapo kuku wanakula kuliko wiki zote. Kuku mmoja wa umri huo anakula takriban gramu 150 kwa siku. Kuku 470 wanamaliza kilo 70, karibu mfuko mmoja na nusu, kama shilingi 100,000 kila siku ya Mungu. Dalali akisema "njoo keshokutwa", faida yote imeliwa. Hapo ndipo watu wanapokimbilia mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, kisha mshahara wa Dar es Salaam unalipia deni la kuku waliokwishaliwa. Nimeona familia zikiuza viwanja kwa njia hii, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Kikubwa zaidi kilichokosekana kwenye mchanganuo ni saa zako. Kwa ratiba inayotumika sana, chanjo ya mdondo hutolewa siku ya 7, Gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21. Kuku wanyimwe maji kidogo ili wawe na kiu, chanjo ichanganywe kwenye maji yasiyo na klorini, na yaishe ndani ya saa mbili. Mwajiriwa anaondoka alfajiri, anamwachia kijana chupa na maagizo ya simu. Kijana anakinga maji ya bomba yenye klorini, anamimina, chanjo inakufa kwenye ndoo. Wiki mbili baadaye kuku wanaharisha kijani na kupinda shingo, mwenye kuku ananiuliza kama alovera na pilipili zitasaidia. Hazisaidii. Mdondo ni ugonjwa wa virusi na hauna tiba, iwe ya dukani au ya shambani. Kuna chanjo iliyofika ikiwa hai, basi.

Kabla ya kuamini mchanganuo wowote, tazama namba ya simu iliyo chini yake. Mara nyingi ni ya muuza vifaranga, ambaye faida yake imekamilika siku ulipomlipa. Wakenya waliyaona mambo haya kwenye kware, mwaka 2013 na 2014. Mayai yalisifiwa kuwa dawa ya kila maradhi, watu wakaacha shughuli zao, wakachukua hata vibali vya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kwa kuwa kware ni ndege wa porini. Waliotangulia walipata pesa nzuri kwa kuwauzia mbegu waliofuata. Waliofuata walipofika sokoni na mayai, bei ilikuwa imeanguka.

Bado unataka kufuga? Anza na 50 au 100. Kabla ya kuagiza, zungukia mabanda ya chipsi, mama lishe na mabucha, upate watu wanaokubali idadi, uzito na siku. Tumia pesa ambayo ikipotea ada ya mtoto inabaki. Weka laini ya simu ya biashara peke yake na daftari la chakula na vifo, liandikwe kila jioni. Soma mkataba wako wa kazi, uliza sheria ndogo za halmashauri kuhusu mifugo mjini. Ongeza idadi baada ya mizunguko mitatu yenye faida. Januari, watu wakilipa ada, usitegemee bei ya Krismasi. Na kama hakuna mtu mzima anayeshinda nyumbani, uza ujuzi ulio nao tayari jioni na Jumamosi: mhasibu apange vitabu vya maduka ya mtaani, fundi apokee kazi ndogondogo.

Kwa anayesisitiza kuku, chukua kalenda sasa hivi, uwekee alama siku ya 7, ya 14 na ya 21, uandike jina la mtu atakayekuwa bandani asubuhi ya kila siku hiyo. Kama huna jina la kuandika, usiagize vifaranga.