Ukuta wa Kukwea na Mkono wa Kuutunza

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huko Turkana nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992, ndiko walikotoka wanariadha watano wa Sudan Kusini waliokimbia katika timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, akiwamo Rose Nathike Lokonyen aliyeibeba bendera siku ya ufunguzi. Kukimbia hakudai ila miguu na ardhi, na ardhi Turkana ni tele. Lakini Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, iliingiza mchezo wa kukwea kuta, wala halitakuwa jambo la ajabu mfadhili mwenye moyo wa ihsani akitamani kuwajengea ukuta vijana wa Kakuma au wa mji wa Lodwar. Namwandikia huyo, kabla hajafungua mkoba.

Autazamaye ukuta huo kwa mbali huona mbao zilizotobolewa matundu, kila tundu na nati yake kwa nyuma, na vishikio vya rangi mbalimbali vimekazwa kwa bolti, akadhani kazi imekwisha siku fundi aliposhuka ngazi. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Yuko mpanga njia, ambaye huamua mkono ushike wapi na mguu ukanyage wapi, akaikwea njia yake mwenyewe kabla ya kumruhusu mwingine, akakisogeza kishikio shubiri moja kwa kuwa mfupi hakifikii ilhali mrefu hukipita bila ya kufikiri. Na baada ya majuma kadhaa, watu wakisha kuihifadhi njia kama shairi, huivunja yote akatunga nyingine. Ukuta wa kukwea kwa mbio tu, wa mita 15, ndio usiobadilika, maana njia yake ni moja dunia nzima.

Vishikio navyo vina maradhi yao. Unga mweupe wa magnesiamu, ambao wakweaji hujipaka viganjani kukausha jasho, huchanganyika na mafuta ya ngozi na mpira wa viatu, ukaziba ukwaruzo wa kishikio hata kikateleza. Hapo hakina budi kufunguliwa, kulowekwa na kusuguliwa. Bolti ikilegea, kishikio humzungukia mtu mkononi naye yu juu. Ikikazwa kupita kiasi, kishikio hupasuka. Ongeza vumbi la Turkana, na joto la Lodwar ambalo mchana aghalabu hufika nyuzi 35 na kuzidi. Na nani atathubutu kuosha plastiki kwa maji ambayo kina mama wameyapangia foleni bombani?

Turkana imekwisha kuona kitu kikijengwa bila ya hesabu ya kukitunza. Huko Kalokol, kando ya ziwa, kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa kwa fedha za Norwe, kikafanya kazi siku chache kisha kikafungwa, kwa sababu gharama ya ubaridi na ya maji safi jangwani iliwashinda wenyewe. Saruji haikukosekana, wala nia njema.

Basi ujira wa mpanga njia na uandikwe katika hesabu kabla ya bei ya mbao. Na kwa kuwa mkimbizi hasafiri kwenda Nairobi bila ya kibali, ni afadhali fundi wa huko, ambako kumbi za kukwea zipo, aletwe Kakuma akae na vijana hadi spana iwazoee. Bolti za akiba ziwe za kipimo kimoja, maana ya Ulaya ya milimita 10 na ya Marekani ya inchi tatu kwa nane hufanana machoni lakini hazipatani na nati moja, na nati iliyoharibiwa kwa kulazimishwa bolti isiyo yake haibadilishwi ila kwa kuingia nyuma ya ukuta, ikiwa aliyeujenga alikumbuka kuacha mlango.