Uzazi salama (3): Kikao cha ndugu kabla ya uchungu

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia mahudhurio ya kliniki na dalili za hatari kwa mjamzito. Leo tunaingia nyumbani, kwa sababu uamuzi wa kwanza hufanyika huko, na muda mwingi hupotelea huko.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha uchambuzi ambao hadi leo wakunga hufundishwa darasani. Walisema vifo vya wazazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika hospitali, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wa tatu ni deni la serikali na watumishi wa afya. Wa pili tunagawana, maana barabara si ya familia lakini nauli ni yake. Wa kwanza ni wetu wenyewe.

Tanzania imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikadiria vifo vya wazazi 556 katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Hata hivyo, hospitali iliyo tayari haimsaidii mzazi ambaye bado yuko nyumbani anasubiri ruhusa.

Tuchukue mfano wa bonde la Kilombero. Msimu wa mpunga ukifika, wakulima wengi huhamia mashambani na kuishi kwenye vibanda kwa wiki kadhaa, mbali na zahanati. Tuseme mume yuko shamba, na mke amebaki kijijini na mama mkwe na shemeji yake. Uchungu unakwenda haraka, na saa tano usiku anajifungulia chumbani. Mtoto analia, watu wanashukuru. Lakini kondo la nyuma halijatoka, na khanga aliyolalia imelowa. Inaletwa ya pili, nayo inalowa. Mama mkwe anasema, "Hiyo ni damu chafu, iacheni itoke." Shemeji anapendekeza bodaboda. Anajibiwa, "Tumsubiri mwenyewe." Mwenyewe simu yake haipatikani. Fedha zipo, ila zimo kwenye sanduku na ufunguo anao yeye. Wanapokubaliana kutoka, ni saa saba.

Saa mbili zimepita, na kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kuua ndani ya muda huo huo. Kwa kawaida mfuko wa uzazi hukaza baada ya kujifungua na kuibana mishipa iliyokuwa ikipeleka damu kwenye kondo. Ukilegea, au kipande cha kondo kikibaki ndani, mishipa hiyo hubaki wazi. Wataalamu huanza kuhesabu hatari damu inapofika nusu lita, na khanga hunywa damu nyingi bila mtu kujua ni kiasi gani. Zahanati ina sindano ya oksitosini ya kuukaza mfuko, lakini sindano hiyo haifanyi kazi kwa mtu ambaye hajafika.

Katika nyumba ile hakuna aliyemtakia mzazi mabaya. Mama mkwe alisema alichofundishwa na wakubwa wake, na shemeji aliheshimu utaratibu wa nyumba. Kilichokosekana ni makubaliano, na makubaliano hayapatikani usiku wa manane huku kila mtu anatetemeka. Ndiyo maana nasisitiza kikao cha ndugu mimba inapofika mwezi wa saba. Wakae mke na mume, mama wa upande mmoja au wote wawili, na ndugu au jirani mmoja anayeaminika.

Jambo la kwanza la kujadili, na ndilo kubwa kuliko yote, ni ruhusa. Mume aseme mbele ya mama yake, kwa sauti inayosikika: "Mama, nisipopatikana msinisubiri. Mwenyewe akisema hali si nzuri, mpelekeni." Maneno hayo machache humpa mama mkwe nguvu ya kutenda bila kuogopa lawama, na humwondolea mjamzito aibu ya kuonekana hana uvumilivu. Mume aliyetoa ruhusa mapema hajapunguziwa heshima yake. Ameitumia pale inapohitajika.

Hapo hapo yamalizwe mabishano ya mganga kwanza au hospitali kwanza. Mjamzito akianguka na kutupa mikono na miguu, hicho ni kifafa cha mimba kinachoendana na shinikizo la juu la damu, wala si majini. Dawa yake ya sindano ipo hospitali. Na zile dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu zikatazwe kabisa, kwani zinaweza kukaza mfuko wa uzazi hadi upasuke.

Jambo la pili ni mahali pa kujifungulia. Mwenye mimba ya kwanza, aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu au aliyezaa mara nyingi ajifungulie penye upasuaji na damu. Kama ni mbali au ni masika na barabara hukatika, ahamie karibu na hospitali mapema, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama ipo. Asiye na dalili yoyote naye apange. Takriban wajawazito 15 katika kila 100 hupata tatizo kubwa linaloweza kuhatarisha maisha, na wengi wao kliniki haikuwaona na kasoro.

La tatu ni usafiri. Tanzania ina mfumo wa m-mama, unaopigiwa simu bila malipo kwa namba 115 wakati wa dharura ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana huita dereva aliyesajiliwa katika eneo hilo. Mfumo ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 ukazinduliwa kuenea nchi nzima. Iandikeni namba hiyo ukutani kwa maandishi makubwa. Chini yake ongezeni namba za madereva wawili wa bodaboda au bajaji ambao hawazimi simu usiku.

La nne ni fedha na vifaa. Huduma za uzazi katika vituo vya serikali ni bure kisera, lakini kila familia inajua habari ya nauli, chakula cha msindikizaji, na kifaa kilichokwisha stoo. Wekeni akiba kidogo kidogo kupitia kikoba au upatu, na fedha zikae mahali ambapo watu wawili wanaweza kuzifikia. Begi lenye khanga safi, nguo za mtoto na kadi ya kliniki likae karibu na mlango.

La tano husahaulika karibu kila mahali: damu. Ulizeni kundi la damu la mjamzito na kama ni Rhesus hasi, kisha wateueni ndugu wawili wa kuchangia. Wawe na umri kati ya miaka 18 na 65, wenye uzito usiopungua kilo 50, na waende kuchangia mapema, kwa sababu damu ni lazima ipimwe kwanza kabla ya kumwekea mgonjwa.

Akijifungua salama, msikimbilie kurudi nyumbani. Abaki kituoni walau saa 24, maana damu na kifafa huweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Msomaji, kama nyumbani kwako kuna mimba iliyofika mwezi wa saba, waite ndugu Jumapili hii. Saa moja inatosha kuyamaliza yote matano. Wiki ijayo tutazungumzia mtoto mchanga na siku zake saba za kwanza.