Watoto Wakulima wa Busia na Malaba

Zamani, katika shule nyingi, jembe lilikuwa adhabu. Mtoto aliyechelewa, au aliyepiga kelele darasani, alipelekwa kulima bustani, naye akakua akiamini kwamba kulima ni mateso ya mkosaji. Chama cha watoto wakulima kiitwacho 4-K kimepewa kazi ya kuiondoa fikira hiyo, na katika sehemu za mpakani, ambako kijana huona magari makubwa ya mizigo yakipita mchana na usiku kuelekea Uganda na kudhani kwamba fedha zote zimo barabarani, kazi hiyo si nyepesi.

Maana ya jina hilo ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Maneno hayo manne ndiyo K zenyewe. Chama kilianzishwa mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kwa kufuata mfano wa chama cha 4-H cha Marekani, ambacho asili yake ni mkutano wa watoto wa shamba katika jimbo la Ohio mwaka 1902. Baada ya Uhuru kilistawi sana katika shule za msingi, kisha kikafifia kwa miaka mingi, hata mwezi wa Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta alipokizindua upya. Wanafunzi wa shule za sekondari wana chama chao, Vijana Wakulima.

Wanachama huchagua mwenyekiti, mwandishi na mtunza fedha miongoni mwao, na mwalimu mmoja huwa mlezi. Shamba la shule ni la wote, lakini inafaa kila mtoto awe na kazi yake mwenyewe nyumbani: kipande cha viazi vitamu, kuku wachache, au mistari michache ya mahindi. Hapo ndipo penye faida kubwa, kwa sababu baba asiyepata nafasi ya kwenda kumsikiliza Bwana Shamba hupita kando ya kipande cha mwanawe kila siku.

Jambo moja linatosha kuonyesha faida hiyo. Mashamba mengi ya Busia na Teso yameharibiwa na gugu lenye maua ya zambarau, ambalo wengi hapa huliita kayongo. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja huweza kutoa makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja. Mahindi, mtama au wimbi vikipandwa, mbegu hizo huamka, hushika mizizi na kunyonya chakula chake. Mkulima anapoyaona maua, hasara imekwisha tendeka chini ya ardhi. Wazee wengine husema shamba limerogwa. Halikurogwa, limechoka, na mbegu zimejaa.

Wataalamu wa ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, walivumbua njia ambayo hata mtoto aweza kuifuata. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa jani liitwalo desmodiamu, na kuzunguka shamba hupandwa majani ya ng'ombe. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kayongo na kuzizuia zisishike mahindi, nazo hufa kwa njaa. Harufu yake hufukuza nondo wa funza wa mahindi, na majani ya pembeni huwavuta nondo hao nje. Majani yote mawili ni chakula cha mifugo. Mtoto akipanda vipande viwili, kimoja kwa njia hiyo na kingine kwa desturi, ataweza kupima mavuno ya kila kimoja kwa debe, na hesabu hiyo itasema zaidi ya hotuba.

Hesabu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mtoto anayefuga kuku aandike bei ya vifaranga, chakula, na dawa ya kuchanja kideri, ambayo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kisha aandike mayai yaliyouzwa na yaliyoliwa nyumbani. Yai lililoliwa lina bei pia. Na wazazi wengine, ni lazima kusema, huvuruga kazi hii: jogoo wa mtoto huchinjwa mgeni afikapo, bila ya kuombwa wala kulipwa. Mtoto aliyetendewa hivyo mara mbili hataandika tena, wala asilaumiwe.

Daftari hilo ndilo linalopelekwa kwenye maonyesho. Chama cha Kilimo cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1901, huandaa maonyesho katika miji mingi, na katika upande huu wa nchi watu huyajua sana yale ya Kakamega na Kisumu. Mwamuzi hatazami ukubwa wa boga tu. Mwamuzi mwema humwuliza mtoto: ulipanda lini? Ulitumia mbolea gani? Kwa nini ulichagua mbegu hii? Muhogo mkubwa uliong'olewa shambani kwa mjomba usiku wa kuamkia maonyesho hujulikana kwa swali la pili.

Habari za muhogo zahitaji uangalifu zaidi katika nchi hii ya mpaka. Ndugu wamekaa pande zote mbili, na ni desturi mtu akienda kumtembelea shangazi yake Tororo arudi na fungu la miti ya kupanda. Lakini ugonjwa mkali wa batobato ulitoka Uganda na kuingia magharibi ya Kenya katika miaka ya 1990 ukaangamiza mashamba mengi, kwa kuenezwa na inzi weupe na kwa miti ya aina hiyo hiyo ya zawadi. Jani lililokunjamana na kuwa na madoa ya manjano ni dalili ya batobato. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni mjanja zaidi, kwa kuwa mti waweza kuonekana mzima na muhogo kuwa umeoza ndani. Watoto wa chama wapate miti yao kwa Bwana Shamba au kituo cha utafiti cha Alupe, karibu na mji wa Busia. Na anayevuka na miti ya kupanda aionyeshe kwanza kwa wakaguzi wa mimea walioko mpakani, Busia na Malaba.