Njugu na Pumzi ya Mtoto (Sehemu ya Tatu)

Msimu wa makadamia unapofunguliwa, habari za Murang'a huwa ni za bei ya kilo, madalali na njugu changa. Mtoto wa miaka miwili anayecheza kando ya gunia kule Kandara au Gatanga hatajwi. Naye anaweza kupaliwa na njugu; namna ya kumwokoa aliyepaliwa tulikwisha kuieleza katika sehemu zilizotangulia. Leo nadai kwamba kinga ina uzito zaidi kuliko uokoaji, na shahidi wangu ni mwokoaji mwenyewe. Chevalier Jackson (1865–1958), daktari wa Philadelphia, Marekani, alipitisha mrija wenye taa kooni hadi ndani ya mapafu, akavitoa vitu kwa koleo nyembamba: pini, vifungo, sarafu, mbegu. Mkusanyo wake wa vitu 2,374 umehifadhiwa katika Makumbusho ya Mütter mjini humo. Mwenye ustadi huo angeweza kuridhika na sifa za mkono wake. Yeye aliwahimiza wazazi wasiwape watoto wadogo njugu, tena akapigania sheria ya mwaka 1927 iliyolazimisha kemikali kali za nyumbani kubandikwa onyo, kwa kuwa aliona makoo mengi mno ya watoto yaliyoungua. Huo ndio uungwana wa elimu: kutaka wagonjwa wako wapungue. Njugu aliiogopa kwa sababu nzuri. Kwa kawaida haionekani kwenye eksirei, na ikikaa pafuni huvimbisha njia ya hewa, mtoto akashikwa na homa na kikohozi mithili ya nimonia.

Wapo watakaosema tumelelewa kwa githeri na njugu, na tuko hai. Wanaosema hivyo ni waliopona; aliyekufa hatoi ushahidi, na huenda kifo chake kilihesabiwa kuwa cha nimonia. Wengine watatetea lishe, nao wana haki: basi njugu isagwe laini, ikorogwe ndani ya uji. Magego ya nyuma huota kati ya miaka miwili na mitatu hivi, na hata yakishaota mtoto hajazoea kutafuna kwa utulivu. Ndiyo maana madaktari wa watoto Marekani hukataza njugu nzima kabla ya miaka 4, na Uingereza kabla ya 5. Maafisa wa kilimo wanaomfundisha mkulima kukausha makadamia wamwambie pia azianike mahali mtoto hafiki. Nawe mzazi, mketishe mtoto anapokula, wala usimwache mdogo alishwe na kaka yake wa miaka mitano.